Chakula cha Kinyonga

1. Mnyama aogopwaye bure

Katika mashamba ya Kilwa na Lindi, mvua zikisha kunyesha na majani yakichipuka, kinyonga huonekana mara kwa mara. Pengine yuko juu ya mwembe, pengine amejishika katika ua la shamba, pengine anavuka njia ya mchanga kwa mwendo wake wa kusitasita, akipeleka mguu mbele na kuurudisha nyuma kabla ya kuukanyaga. Watu wengi humwogopa. Wako wasemao kwamba ana sumu, na wako wasemao kwamba kukutana naye njiani ni ndege mbaya. Kwa hiyo watoto humpiga mawe, na wakubwa hawawakatazi.

Hofu hiyo ni ya kale. Katika nchi nyingi za Kibantu, tangu Afrika Kusini hata Malawi, husimuliwa hadithi ya kinyonga aliyetumwa kuwaambia wanadamu kwamba hawatakufa, akakawia njiani, hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Lakini hadithi ni hadithi. Hapana kinyonga mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Kinyonga wa kawaida wa pwani hii, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, ana vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mfano wa masikio. Akitishwa huvitandaza, hujijaza upepo, hupanua kinywa na kufoka kama nyoka. Hayo yote ni vitisho vya mnyonge. Pamoja na mkia wake urefu wake hufikia sentimeta 30 au zaidi kidogo, wala hana silaha nyingine ila rangi yake na ulimi wake.

Jina lake la Kiswahili limekwenda mbali. Mwaka 2006 wataalamu walipotenga jamii moja ya vinyonga wa milima na misitu ya Afrika ya Mashariki, waliipa jina la Kinyongia, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya elimu ya wanyama duniani kote.

2. Jinsi anavyowinda

Kinyonga hana haja ya mbio. Macho yake mawili hutazama kila moja upande wake, moja mbele na moja nyuma, bila kugeuza kichwa. Akimwona mdudu huyaelekeza yote mawili pamoja, apate kupima umbali. Kisha hufumbua kinywa taratibu, na kufumba na kufumbua ulimi umekwisha kutoka, umemnasa mdudu na kumrudisha. Ulimi huo ukinyoshwa hupita urefu wa mwili wake bila mkia. Mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji walipima ute ulio katika ncha ya ulimi wa kinyonga, wakaona kwamba ni mzito kama mara 400 kuliko mate ya mtu. Ndiyo sababu mdudu akiguswa hachomoki.

Wadudu wanaoliwa ni wengi: panzi, inzi, viwavi, nondo, vipepeo, mbawakawa, na hata vunjajungu wadogo. Na kila mdudu ana chakula chake. Panzi amekula majani ya mtama, kiwavi amekula majani ya kunde, inzi amelamba embe lililoiva. Basi kinyonga akila mdudu hali mdudu peke yake, bali hula pia kile kilichomo tumboni mwake. Ingawa kinyonga wa pwani hagusi majani, kwa njia ya wadudu hupata nguvu ya mimea mingi ya shambani. Neno hili ndilo msingi wa mambo yote yatakayofuata: anachokula mdudu ndicho anachokula kinyonga.

3. Kinyonga mwenye njaa na tumbo limejaa

Kwa miaka mingi vinyonga kwa maelfu walikamatwa Tanzania, wakapelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa kwa watu wapendao kufuga wanyama nyumbani. Wengi wa wafugaji hao waliwapenda sana wanyama wao. Waliwawekea matundu mazuri, wakawanunulia nyenje kila juma, na kinyonga akala akashiba. Hata hivyo, baada ya miezi michache, mara nyingi mambo yaligeuka. Miguu ya kinyonga ilianza kupinda. Taya lililegea kama mpira. Alikosa nguvu za kushika kijiti, na ulimi haukutoka tena kama mshale. Mwisho alikufa, na nyenje wamejaa tele ndani ya tundu lake.

Sababu yake ni mifupa. Mifupa ya kila mnyama hujengwa kwa madini ya chokaa, yaitwayo kalsiamu. Watu wa kale wa Kilwa Kisiwani walipojenga jumba la Husuni Kubwa, katika karne ya 14, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingine zimesimama hata leo. Kama chokaa ingalipungua, mawe yasingalishikamana. Mwili nao ni vivyo hivyo. Tena damu na misuli huhitaji kalsiamu kila siku. Chakula kisipoileta, mwili huichukua katika mifupa, kama mtu avunjaye nyumba yake apate kuni za kupikia. Siku hiyo hupika, lakini nyumba huanguka.

Nyenje ana nyama njema, lakini hana mifupa, na ganda lake si la chokaa kama ganda la konokono. Kalsiamu iliyomo mwilini mwake ni kidogo mno, na madini mengine yaitwayo fosforasi yamo kwa wingi, mara kadha wa kadha kuliko kalsiamu. Fosforasi ikizidi hivyo huzuia hata ile kalsiamu kidogo isitumike vema. Tena nyenje wengi wa kununuliwa walikuwa wamekaa na njaa siku nyingi dukani, na matumbo yao yalikuwa matupu.

Pana jambo la pili, nalo ni jua. Ngozi ikipigwa na jua mwili hutengeneza vitamini D, na pasipo vitamini hiyo kalsiamu hupita tumboni bila kushikwa. Mwangaza upitao katika kioo cha dirisha haufai, kwa maana kioo huzuia ile miali inayofanya kazi hiyo. Huko Ulaya wafugaji hutumia taa maalumu. Pwani ya Lindi kinyonga hupanda tawini asubuhi, akauelekeza ubavu wake kwenye jua, na kazi imekwisha bila gharama.

4. Kuchagua wadudu

Mtu aliye na ruhusa ya kutunza kinyonga, kama mwalimu wa chuo au mtunzaji wa bustani ya wanyama, hana budi kuchagua wadudu kwa akili. Mambo manne hutazamwa.

La kwanza ni ukubwa. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga, kati ya jicho na jicho. Mdudu mkubwa mno huweza kumkaba au kumwumiza.

La pili ni namna. Asipewe aina moja siku zote. Leo nyenje, kesho panzi, siku ya tatu viwavi au inzi. Kinachokosekana katika mdudu mmoja huenda kikapatikana katika mwingine.

La tatu ni sumu ya mdudu mwenyewe. Wadudu wengi wenye rangi kali huonya kwa rangi zao. Wako panzi wanene wenye rangi za manjano, nyeusi na nyekundu, waendao taratibu na kunuka vibaya wakishikwa, ambao huonekana katika mihogo. Hao hawafai. Vimetameta pia si chakula. Huko Marekani imeonekana kwamba mjusi wa kufugwa akila vimetameta wachache tu huweza kufa. Nyigu na siafu waachwe pia, maana huuma.

La nne ni sumu ya binadamu. Katika wilaya za Kilwa na Lindi mikorosho hupuliziwa unga wa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na hupigwa dawa nyingine za kuua wadudu. Panzi aokotwaye chini ya mkorosho uliopigwa dawa amekwisha kubeba dawa hiyo. Akiliwa, huipeleka kwa mlaji. Kadhalika mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa asitumiwe. Kwa sababu hiyo wengi huona ni salama zaidi kulea wadudu wenyewe kuliko kuwaokota.

5. Kulea nyenje

Nyenje hufaa kuliko wadudu wengi, kwa maana huzaana upesi na hula vitu vya kawaida. Hata shule isiyo na kinyonga yaweza kuwalea, iwe kwa masomo au kwa kulisha kuku. Kazi yake ni hii.

Chombo. Latafutwa pipa dogo au ndoo yenye kuta laini, nyenje asipate kupanda. Juu hufunikwa kwa wavu wa waya, ili hewa ipite. Ndani huwekwa vipande vya makasha ya karatasi au trei za mayai, wapate mahali pa kujificha. Chombo kikae kivulini penye joto, mvua isikifikie. Meza yake isimamishwe miguu yote minne ndani ya vikopo vya maji, maana sisimizi wakipata njia watamaliza nyenje wote kwa usiku mmoja.

Chakula. Nyenje hupewa pumba za mahindi au za mtama, majani ya viazi vitamu, vipande vya boga na karoti, na majani ya mlonge. Mlonge ni bora, kwa kuwa majani yake yana kalsiamu nyingi. Majani mabichi ya muhogo yasitumiwe, maana yana sumu kabla ya kupikwa. Mabaki yatolewe kila siku kabla hayajaota ukungu.

Maji. Bakuli la maji halifai, kwani nyenje wadogo huzama. Huwekwa pamba au kitambaa kilicholoweshwa, nao hunyonya.

Mayai. Nyenje jike hutambulikana kwa kitu kirefu kama sindano kilicho nyuma yake. Hicho si mwiba, bali ni chombo cha kutagia. Hukichoma ardhini na kuacha yai ndani. Basi huwekwa kisahani cha mchanga uliochanganywa na udongo, chenye unyevu lakini kisicho na maji ya kutiririka. Baada ya siku mbili au tatu kisahani huondolewa na kuwekwa katika chombo kingine, maana nyenje wakubwa hula mayai yao wenyewe. Katika joto la pwani mayai huanguliwa kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi.

Watoto. Nyenje mchanga hutoka akiwa mdogo kuliko chungu, lakini sura yake ni ya nyenje tayari, bila mabawa. Hukua kwa kujivua ngozi mara nyingi, na baada ya majuma 6 hadi 8 huwa mzima. Ndipo madume huanza kuimba. Sauti hiyo haitoki kinywani, bali dume husugua bawa kwa bawa. Na masikio ya nyenje hayako kichwani, yako katika miguu ya mbele.

Yafaa nyenje wasisongamane. Wakisongamana hulana, tena ugonjwa ukiingia huwapitia wote. Mwaka 2009 ugonjwa wa virusi uliingia katika majumba ya kufugia nyenje huko Amerika ya Kaskazini, nao ulikuwa umekwisha kuonekana Ulaya kabla ya hapo. Wafugaji wengine walipoteza nyenje wote, na watu waliotegemea aina hiyo moja tu kwa kulisha wanyama wao wakataabika. Hapo ilionekana tena faida ya kuwa na aina nyingi.

6. Wadudu wengine

Kwa kinyonga aliyetoka yaini juzi, hata nyenje mchanga huweza kuwa mkubwa mno. Hulelewa wale inzi wadogo wa matunda. Ndizi iliyoiva sana huwekwa katika chupa pana, chupa ikaachwa wazi siku moja au mbili, kisha hufunikwa kwa kitambaa. Baada ya muda kidogo mabuu huonekana, na kisha inzi wapya.

Yuko pia inzi mweusi mwembamba aitwaye inzi askari, ambaye mabuu yake hula mabaki ya jikoni. Yeye ana sifa isiyo ya kawaida: mabuu yake yana kalsiamu nyingi mwilini kuliko wadudu karibu wote wa kufugwa. Katika Afrika ya Mashariki wafugaji wengi wa kuku na samaki huyalea kwa chakula cha mifugo. Mjini Nairobi iko taasisi ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kwa ajili ya elimu ya wadudu. Humo wadudu hawa huchunguzwa pamoja na nyenje, hata aina moja ya nyenje iliyotambuliwa Kenya mwaka 2018 imepewa jina la taasisi hiyo.

Mabuu ya mbawakawa yanayokaa katika unga huleleka kwa urahisi, lakini yana mafuta mengi. Yapewe kwa nadra, kama halua kwa mtoto.

7. Kumlisha kinyonga

Siku moja au mbili kabla ya kuliwa, nyenje hushibishwa majani mabichi na mboga njema. Jambo hili lisisahauliwe kamwe. Kisha hutiwa katika mkebe wenye unga mweupe wa kalsiamu na kutikiswa kidogo, hata waonekane kama wamenyunyiziwa unga. Unga huo hupatikana dukani, au kwa kusaga maganda safi ya mayai. Hata ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, unaookotwa ufukoni Lindi na Mikindani, ni wa madini hayo hayo, nao ukioshwa vizuri na kukaushwa husagika kwa urahisi. Lakini chokaa iliyochomwa ya kujengea isitumiwe hata kidogo, maana huunguza.

Kinyonga mdogo hula kila siku, na mkubwa hutosheka na wadudu wachache kila baada ya siku moja. Nyenje wasioliwa waondolewe kabla ya usiku, kwa kuwa huweza kumtafuna kinyonga akiwa usingizini. Na maji yasiwekwe bakulini, kwani aghalabu kinyonga hayatambui. Hunyunyizwa juu ya majani, naye hulamba matone kama alivyozoea kulamba umande.

8. Kinyonga asiyefungwa

Msomaji akihesabu kazi hizi zote ataona kwamba kumfunga kinyonga si mchezo wa watoto. Tena ni jambo la sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama pori wa Tanzania hakamatwi wala hafugwi bila kibali. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nchi za nje.

Lakini iko njia ya kuwa na kinyonga bila kumfunga. Wanafunzi waache pembe moja ya bustani ya shule iote vichaka, mikunde na maua, wala wasipige dawa hapo. Wadudu watakuja wenyewe, wameshiba majani ya namna nyingi, na kinyonga atawafuata. Usiku, kwa mwanga wa tochi, huonekana kwa urahisi, maana hulala kwenye ncha ya kijiti na rangi yake huwa nyeupe-nyeupe. Wanafunzi waweza kuwahesabu bila kuwagusa, na kuandika hesabu yao mwezi kwa mwezi.

Na kinyonga akionekana chini, akitembea juu ya mchanga, watu wajue kwamba huenda ni jike atafutaye mahali pa kuchimba. Kinyonga wa pwani hutaga mayai 25 hadi 50 hivi katika shimo, akayafukia, na mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Mtoto anayempiga jiwe siku ile hakuua mnyama mmoja. Ameua kizazi kizima cha wawindaji wa panzi, na panzi watabaki shambani kwa baba yake.

Maswali

1. Kwa nini watu wengi humwogopa kinyonga? Je, hofu hiyo ina sababu ya kweli?
2. Eleza maana ya maneno haya: "Anachokula mdudu ndicho anachokula kinyonga."
3. Kinyonga aliweza kufa kwa kukosa chakula ingawa tumbo lake limejaa. Ilikuwaje?
4. Taja mambo manne yanayotazamwa katika kuchagua wadudu.
5. Kwa nini kisahani cha mayai ya nyenje huondolewa baada ya siku mbili au tatu?
6. Mchore nyenje jike na nyenje dume, uonyeshe tofauti zao.
7. Je, katika bustani ya shule yenu kuna mahali panapomfaa kinyonga? Andika jinsi mnavyoweza kupatengeneza.